Mbuzi kwenye Gunia: Haki za Mnunuzi katika Soko la Simu

Ndugu msomaji, aliyetuonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia hakujua simu ya mkononi, lakini onyo lake latufaa mno leo. Katika soko la Karatina, mnunuzi hushika viazi, akavigeuza, akabishana bei. Kesho akirudi na malalamiko, humkuta muuzaji palepale. Kwenye simu huona picha tu. Hulipa kwa M-Pesa, kisha hungoja mzigo uje na matatu kutoka Nairobi.

Jirani yetu mmoja hapa Nyeri aliagiza hivyo cherehani ya miguu ili ashone sare za shule. Akaletewa ya mkono, tena kuukuu. Alipopiga simu akajibiwa, "Hiyo ilishauzwa, mama. Sisi huwa haturudishi pesa."

Je, sheria yasema hivyo? La hasha! Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji. Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya 2012 nayo inataja mikataba ya intaneti. Muuzaji sharti atoe maelezo kabla ya mapatano, kwa njia ambayo mnunuzi anaweza kuyahifadhi na kuyachapisha. Asipofanya hivyo, mnunuzi anaweza kuvunja mkataba mpaka siku 7 baada ya kupata nakala yake. Asipopewa nakala kabisa, ana siku 30 tangu walipopatana.

Taabu iko wapi basi? Sheria hii yamtazamia muuzaji anayejulikana. Wengi wa simu hawana duka wala anwani. Leo yupo, kesho kabadilisha laini. Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, lakini utamshtaki nani? Haki unayo, wa kumdai humwoni.

Kwa maoni yangu, sheria iwalazimishe wenye masoko ya mtandaoni wawajue wauzaji wao na wawajibike kwa ajili yao, kama vile msimamizi wa soko anavyojua kibanda hiki ni cha nani.

Kwa sasa, wenzangu, kabla ya kulipa ulizeni jina na mahali alipo muuzaji. Hifadhini picha ya bidhaa, mazungumzo yenu na ujumbe wa M-Pesa. Huo ndio ushahidi. Na ikiwezekana, gunia lifunguliwe kwanza, pesa zifuate.