Uchaguzi wa Aloi za Nikeli kwa Mitambo ya Maji ya Bahari

Watumishi wa Serikali na wananchi wanafahamishwa kuwa metali ya mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari haifai kuchaguliwa kwa kuangalia bei pekee. Lita moja ya maji hayo hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na kloridi iliyomo hutoboa chuma cha pua cha kawaida, hasa kwenye mianya ya viungo na mahali maji yanapotuama.

Kwa mabomba ya kuingizia maji, aloi ya shaba asilimia 90 na nikeli asilimia 10 hutumika sana. Monel 400, ambayo takriban theluthi mbili yake ni nikeli, hufaa shafti za pampu na vali penye mkondo wa kasi. Maji yakituama, huweza kutoboka. Inconel 625, yenye pia kromiamu na molibdeni, hustahimili mianya hiyo vizuri zaidi, ingawa ni ghali.

Nikeli imegunduliwa pia Dutwa, Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Hata hivyo, mawe yenye madini si aloi. Hivyo, kila zabuni haina budi kutaja aina ya aloi na kudai cheti chake, kwani bomba likitoboka ni mwananchi anayekosa maji.