Maji ya Kijani: Somo la Tangi la Samaki

Asubuhi moja, kabla ya kengele ya kwanza, mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa mvuvi wa Bukama, alinijia mbio. "Mwalimu," akasema, "samaki wetu wanahema!"

Nikamfuata darasani. Tangi letu la vioo, ambalo mwezi mmoja kabla lilikuwa safi hata tukaweza kuhesabu chembe za mchanga, sasa lilikuwa la kijani kama mchuzi wa sombe. Katika samaki wetu 12, 7 walikuwa wamekufa. Wengine 5 walikuwa wameinua midomo yao juu ya maji. Watoto walisimama kimya, na mmoja akaniuliza, "Mwalimu, nani amewatilia sumu?"

Hakuna aliyewatilia sumu. Tuliwaua sisi wenyewe, kwa wema wetu. Ndiyo habari ninayotaka kuwasimulieni, kwa maana yahusu pia bwawa la samaki nyumbani, na hata maziwa makubwa ya nchi zetu.

Chakula kisichoonekana

Tangi hilo lachukua lita 100. Tulitandika mchanga uliooshwa, tukapanda majani ya majini, tukalijaza maji ya kisima. Kisha tukatia tilapia wadogo waliotoka Lualaba, wakasafirishwa katika ndoo kwa gari moshi hadi hapa Kamina. Kila mtoto alitamani kuwalisha, naye mmoja alileta makombo ya bukari, mwingine unga wa dagaa.

Sasa sikilizeni. Katika kila chakula, katika kila mfupa na mbegu, mna fosforasi. Samaki anapokula, sehemu ndogo hubaki mwilini mwake. Nyingine hutoka katika mavi yake. Makombo yasiyoliwa huoza, nayo hutoa yaliyomo. Ndivyo fosforasi inavyoingia majini katika hali iitwayo fosfati, na fosfati ni mbolea. Haina rangi wala harufu. Tena haigeuki kuwa hewa ikapanda juu, kama nitrojeni iwezavyo. Ikiingia katika tangi, hukaa humo mpaka mtu aitoe. Haba na haba hujaza kibaba.

Mbolea hiyo huliwa na nani? Huliwa na mimea tuliyoipanda, na pia na mwani, yaani vimea vidogo sana visivyo na mizizi wala majani. Mimea ikiwa na nguvu, huwahi chakula, na mwani hukaa na njaa. Lakini sisi tulikosa mara tatu. Tulilisha kupita kiasi. Tuliliweka tangi dirishani, likapigwa na jua mchana kutwa. Na kosa la tatu ndilo kubwa: kati ya samaki wetu walikuwamo wa aina ya tilapia wanaokula majani. Wakaila mimea hata mashina. Basi walinzi wakaliwa, na mwani ukabaki peke yake mezani.

Mbona samaki walikufa alfajiri? Mchana, kwa msaada wa mwanga, mwani hutoa oksijeni majini. Usiku hautoi, bali nao huvuta kama samaki. Maji yakijaa mwani, oksijeni hupungua saa baada ya saa, na kabla ya mapambazuko karibu yote imekwisha.

Namna tulivyotengeneza

Kwanza tuliwatoa waliokufa, tukabadili theluthi moja ya maji. Wale wala majani tukawapeleka bwawani. Kisha tukalifunika tangi kwa blanketi siku tatu bila kuwapa samaki chakula, maana mwani bila mwanga hudhoofika. Asubuhi na jioni watoto waliteka maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, ili yapate hewa. Siku ya nne tukabadili nusu ya maji. Jambo hili si la kusahau: mwani uliokufa huoza na kurudisha fosfati ile ile. Anayeua mwani bila kuutoa hajafanya kazi, ameiahirisha tu.

Kisha tukapanda mimea upya, mingi, ile inayokua upesi, pamoja na michache ieleayo ili ipunguze mwanga. Tangi likahamishwa mbali na dirisha, likapata mwanga wa taa saa 8 tu kwa siku. Mtoto mmoja tu ndiye alishaye, mara moja kwa siku, kadiri samaki wawezavyo kumaliza kwa dakika 2 au 3. Kila Jumamosi twatoa robo ya maji kwa mpira, tukivuta uchafu wa chini, na maji hayo twayamwagia mboga. Mimea ikizidi twaikata na kuitupa shimo la mboji: kila jani litolewalo hutoka na fosfati yake.

Lakini asiwepo wa kufikiri kwamba yafaa kuiondoa fosfati yote. Mimea isiyo na fosfati hudumaa, na mwani, ambao wahitaji kidogo sana, hushinda tena. Wengi wafugao samaki pamoja na mimea huridhika na miligramu kati ya 0.1 na 1 kwa lita. Kipimo, wala si utupu, ndicho kitakiwacho.

Neno moja la hadhari: msiokote konokono mtoni ili wale mwani. Katika nchi yetu baadhi yao hubeba kichocho, ambacho huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mtu atiaye mkono majini.

Kutoka tangi hadi ziwa

Mwaka 1973, huko Kanada, wataalamu waliligawa ziwa moja dogo kwa pazia kubwa. Upande mmoja walitia kaboni na nitrojeni. Upande wa pili walitia hizo hizo, pamoja na fosforasi. Upande huo wa pili peke yake ukageuka kijani. Ushahidi wa namna hiyo ulisaidia kuzishawishi serikali. Uswisi ilikataza fosfati katika sabuni za kufulia mwaka 1986.

Katika Ziwa Viktoria mwani umeongezeka sana tangu miaka ya 1960, kwa sababu ya udongo wa mashamba, maji machafu ya miji na moshi wa nyika zinazochomwa. Maji yalipofifia, samaki wadogo wa rangi rangi walishindwa kutambuana dume na jike wa jamaa zao, na aina zao zikachanganyika na kupungua. Wataalamu waliyaeleza hayo mwaka 1997.

Nanyi wenye mabwawa, rangi ya kijani kidogo ni nzuri, kwa maana tilapia wengine hula mwani huo. Lakini pimeni. Tumbukiza mkono: kiganja kikitoweka machoni wakati maji yamefika kiwiko, mbolea yatosha. Kikitoweka maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono, acha mbolea, ongeza maji safi. Halafu ujikaushe mkono mara moja.

Leo samaki wetu 5 wangali hai, na maji ni safi. Yule mtoto wa Bukama ndiye mlinzi wa chakula. Juzi mdogo mmoja wa darasa la kwanza alimwomba ruhusa atie punje moja tu zaidi. Akamjibu kwa upole: "Mdogo wangu, wameshiba. Punje hiyo wataila wale wasioonekana."