Soda ya Sabuni na Baridi ya Butembo

Kama unatengeneza sabuni nyumbani, au kama jirani yako anatengeneza, soma maneno haya pole pole. Mafuta ya mawese yanapanda kutoka upande wa Beni, soda inanunuliwa sokoni, na vyote viwili vinakutana katika ndoo moja. Kazi hii ni nzuri, nayo inalisha watoto. Lakini soda kostike ina tabia zake, na katika mji wa baridi ina tabia moja ambayo watu wengi hawaijui.

Tazama. Ukitia kilo 1 ya soda katika lita 1 ya maji, unapata maji ya soda ya asilimia 50, maana nusu ya uzito wake ni soda. Mara yanapata moto yenyewe bila kuni. Wakati huo ni mepesi. Yakipoa yanakuwa mazito kama mafuta, na baridi ikifika karibu digrii 12 yanaanza kuganda. Chembe nyeupe zinakaa chini ya bidoni.

Labda utasema, “Nitaongeza maji kidogo, hayataganda.” Sivyo! Maji ya soda ya asilimia 40 yanaganda mapema zaidi, karibu digrii 15. Ni jambo la kushangaza, lakini ndivyo lilivyo. Ukiongeza maji mengi, hata kilo 1 iwe katika lita 4, hayo ni ya asilimia 20, nayo hayagandi mpaka baridi ipite digrii 25 chini ya sifuri. Ukiyapeleka juu kwenye barafu ya Ruwenzori yatabaki maji tu.

Sasa fikiri juu ya miji yetu miwili. Beni iko mita 1,000 na zaidi juu ya bahari, na joto lake ni la kutosha. Butembo iko mita 1,700 na zaidi, na usiku digrii zinaweza kushuka chini ya 15. Basi bidoni ileile iliyokaa salama Beni, ikipandishwa barabara ya kilomita 50 na kidogo, inaweza kuamka asubuhi imeziba.

Hapo ndipo watu wanaumia. Mmoja anachokoa kwa kijiti, na soda inaruka machoni. Mwingine anamimina maji ya moto ndani, na yote yanafoka. Mwingine anaweka bidoni ya plastiki karibu na makaa, nayo inayeyuka na kumwaga. Mwingine anatumia maji ya juu tu na kuacha chembe. Katika maji ya asilimia 50, chembe zimebeba soda nyingi kuliko maji yaliyo juu yake. Kwa hiyo sabuni ya kwanza inabaki na mafuta, na sabuni ya mwisho inachoma mikono ya mama anayefua.

Tena kuna chembe zinazoanguka chini. Ni nyeupe kama chumvi, hazina harufu. Wakati wa Ebola, mwaka 2018 mpaka 2020, watu wa Beni na Butembo walizoea ndoo za klorini, na pua ilijifunza kuonya. Soda haionyi pua. Mtoto anaiokota na kuilamba.

Je, ufanye nini na bidoni iliyoganda? Legeza kifuniko kidogo, usimamishe bidoni katika beseni ya maji ya vuguvugu, yale ambayo mkono unaweza kuvumilia, kisha ngoja mpaka chembe zote ziishe. Vaa glavu za mpira na kitu cha kufunika macho. Lakini kwa maoni yetu ni afadhali usiweke akiba ya maji makali hata kidogo. Changanya yale ya siku hiyo tu. Tia soda katika maji baridi kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya soda. Usitumie sufuria ya aluminiamu, maana soda inaila na kutoa hewa inayoshika moto. Na chupa ya fanta au ya maji ya kunywa isiingie soda kamwe.

Soda inageuza mawese kuwa sabuni. Mwilini inafanya kazi ileile: inageuza mafuta ya nyama kuwa sabuni na kuendelea kuingia ndani, mara nyingine bila uchungu mwingi mwanzoni. Ikigusa ngozi, vua nguo, pangusa chembe kavu kwa kitambaa, kisha osha kwa maji mengi yanayotiririka. Ikiingia jichoni, fungua kope kwa vidole na umimine maji safi kwa dakika 30, kisha nenda hospitali ukiwa bado unaosha njiani. Usitie siki wala ndimu.

Mtoto akimeza, usimtapishe, maana soda itachoma koo mara ya pili. Usimpe ndimu, wala mawese. Msukutue kinywa, umpeleke hospitali saa ileile, hata kama ameacha kulia. Kidonda cha koo kinapopona kinajikunja, na baada ya wiki kadhaa mtoto aliyeonekana mzima anaanza kushindwa kumeza ugali, kisha uji, kisha hata maji.