Si Mkaidi, Ni Sikio

Katika lugha yetu, kusikia na kutii ni ndugu wa tumbo moja. Mtoto mtiifu twamwita msikivu. Mkaidi twasema hasikii. Wazee walinena: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Neno hilo ni la hekima. Lakini tukilitumia ovyo, twawaumiza watu wasio na kosa, yaani wale ambao sikio lao lenyewe limechoka.

Mtazameni mzee aliyefanya kazi miaka thelathini katika migodi ya Katanga, karibu na mashine za kutoboa mwamba. Leo mkewe akimwomba taa, yeye analeta saa. Wajukuu wakicheka mezani, anadhani wanamcheka yeye. Kwanza alijibu kwa hasira, kisha akanyamaza. Haendi tena kwenye mkutano wa jumuiya, na katika Misa anakaa kama mgeni asiyejua lugha. Jamaa wanasema: Mzee amekuwa mkali. Je, ni ukali? Sivyo, ndugu wasomaji. Ni upweke.

Tuone jinsi Mungu alivyoliumba sikio. Sauti hupiga ngozi nyembamba iitwayo ngoma ya sikio. Ngoma hutikisa mifupa mitatu midogo sana. Nayo hupeleka mtikiso ndani, katika kiungo kilichojizungusha kama nyumba ya konokono. Humo mna maelfu ya vinyweleo vinavyopeleka habari katika ubongo. Vikifa, havioti tena. Huuawa na kelele kubwa ya siku nyingi, na uzee, na homa ya uti wa mgongo, hata na dawa nyingine zenye nguvu, kama streptomisini. Mara nyingi vinavyopokea sauti nyembamba ndivyo hutangulia kufa. Kwa hiyo mzee anasikia kwamba mtu anasema, lakini maneno hayashiki. Akisema, «Msinipigie kelele, nawasikia,» hasemi uongo.

Aibu hii haikuwashika watu wadogo tu. Beethoven, mtungaji mashuhuri wa muziki, alianza kupoteza masikio kabla hajatimiza miaka thelathini. Mwaka 1802 aliandika barua kwa ndugu zake, akieleza kwamba watu walimdhania mkaidi na mwenye chuki, kumbe aliwakimbia kwa kuwa hakuthubutu kukiri uziwi wake.

Basi, tufanye nini? Kwanza, mgonjwa aende kwa mganga wa hospitali. Pengine ni nta tu iliyoziba. Ikitolewa, kusikia hurudi siku ile ile. Pengine ni usaha unaotaka dawa. Asitie kijiti wala mafuta kwa shauri la jirani.

Kama ni vinyweleo vilivyokufa, kuna chombo cha kusaidia kusikia. Ni kidogo, huvaliwa nyuma ya sikio au ndani yake. Hupokea sauti, huikuza, na kuiingiza sikioni kwa nguvu ya betri. Lakini hakirudishi sikio la ujana. Siku za kwanza mvaaji husumbuka: sufuria zinalia kama kengele, na sauti yake mwenyewe humshangaza. Wengi hukitupa sandukuni wakati huo, nao hukosea. Ubongo uliosahau sauti wahitaji majuma kadhaa ili ujifunze tena. Avae saa chache nyumbani penye utulivu, kisha aongeze kidogo kidogo. Akilinde chombo na maji na jasho, akipanguse kila siku kwa kitambaa kikavu.

Twajua kwamba chombo hiki ni ghali, na kwamba jamaa nyingi hazikipati upesi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji kusaidiwa kwa sababu ya masikio, na wengi wao wanakaa katika nchi zenye mali chache. Lakini kuna dawa isiyouzwa. Mkaribie mzee, umtazame usoni, useme polepole bila kupiga kelele. Zima redio kwanza. Asipofahamu, sema kwa maneno mengine, wala usimwambie kamwe, «Haidhuru, si kitu.» Neno hilo humfukuza mezani.

Ninyi wazazi na waalimu, kabla ya kumwadhibu mtoto asiyejibu, simameni nyuma yake mkamwite kwa sauti ndogo. Kama hageuki, fimbo haitamfundisha, mpelekeni hospitalini.

Mwinjili Marko anasimulia kwamba Bwana Yezu, kabla ya kumponya kiziwi, alimtenga na makutano, akawa naye peke yake. Hakumfanya kichekesho cha watu. Nasi tuanze hapo: tumkaribie ndugu yetu, tuiondoe aibu yake kwanza, ndipo tumpeleke kwa mganga.