Mtoto Kapokelewa Chuo, Shule ya Muziki Haimjui

Aprili iliyopita tulikula pilau Arlington. Kijana wa saksofoni, ambaye wengi wetu tumemsikia kwenye harusi za hapa Dallas na Fort Worth, alikuwa amepata barua ya chuo kikuu cha jimbo jingine. Mama yake aliichapisha kwa rangi, akaitia kwenye fremu. Keki ilikuwa na saksofoni ya sukari. Wazee walitoa nasaha, bahasha zikapita. Mwezi Juni familia ikapanda gari, mchana kutwa barabarani, kwenda kwenye siku ya kuwapokea wanafunzi wapya, na ni pale, mbele ya kompyuta ya mshauri wa masomo, walipoambiwa kwamba kijana ameandikishwa kama mwanafunzi ambaye bado hajachagua fani. Shule ya muziki haikuwa na jina lake. Haikuwahi kumsikia akipiga hata noti moja.

Hiki ni kisa cha tatu ninachokijua katika jumuiya yetu, na maswali kuhusu jambo hili yamekuwa mengi mno kujibiwa moja moja mlangoni mwa kanisa. Kwa hiyo nitaliandika mara moja. Sitaeleza FAFSA ni nini wala namna ya kuomba chuo. Kila nyumba siku hizi ina mtaalamu wake wa hayo. Nitakaa pale tunaponasa.

Tunanasa kwenye milango miwili. Katika vyuo vikuu vingi vya serikali hapa Marekani, chuo kikuu ni mlango mmoja na shule ya muziki ni mlango mwingine. Chuo kikuu kinatazama alama na insha. Shule ya muziki inatazama vidole na masikio. Mara nyingi kuna maombi mawili, ada mbili za maombi, nywila mbili na barua mbili. Barua ya chuo kikuu huweza kufika mapema, hata kabla ya Krismasi, na huja na mbwembwe zote: hongera, karibu nyumbani, nunua fulana. Ya shule ya muziki huja Machi au karibu na Aprili mosi, baada ya mtoto kusikilizwa. Anayepata ya kwanza akadhani ndiyo yote, hana habari kwamba kuna ya pili.

Fremu ile ya Arlington nimeishika mkononi. Fani imetajwa kabisa, mstari wa nne: Masomo ya Jazz. Lakini kabla yake kuna neno moja dogo, nalo ni “iliyokusudiwa”. Yaani mtoto amekusudia. Chuo hakijakusudia chochote.

Mtu atasema mama alipaswa kuuliza. Aliuliza. Aliandika barua pepe tatu. Ya kwanza ilijibiwa na mashine ikimshukuru kwa kuvutiwa na chuo. Ya pili ilimrudisha kwenye ukurasa uleule aliokuwa ameusoma, ndio uliomfanya aulize. Alipopiga simu, ofisi ya udahili ilimwambia mambo ya muziki yako shule ya muziki. Shule ya muziki ikamwambia udahili hufanywa na ofisi ya udahili. Mwezi Juni, yule mshauri alimwonyesha kwa upole kabisa kwamba maelezo yote yalikuwepo kwenye tovuti tangu mwanzo. Ni kweli yalikuwepo. Niliyatafuta mwenyewe: unabonyeza mara tano, na mara ya tano unafungua waraka wa kurasa kumi na moja uliopewa jina la namba. Watu wanaolipwa mshahara kuwapokea wanafunzi walishindwa kuandika sentensi moja kwenye barua ile: barua hii si ya shule ya muziki.

Si vyuo vyote viko hivyo. Pale ambapo chuo kizima ni muziki, kama Berklee ya Boston au Manhattan School of Music, mlango ni mmoja, na bila kusikilizwa huingii. Oberlin, Ohio, ina milango miwili lakini inakuruhusu kuingia yote miwili na kutoka na shahada mbili kwa miaka mitano. Kuna pia vyuo vitakavyomkubali mtoto kusoma shahada ya kawaida ya sanaa yenye muziki ndani yake, ambayo si shahada kamili ya muziki. Majina ya shahada hizi yanafanana kwa herufi, masomo hayafanani. Katika ile kamili, sehemu kubwa ya masomo ni muziki wenyewe. Katika ile nyingine, mtoto anaweza kumaliza miaka minne akiwa amepata mwalimu wa ala yake kwa muhula mmoja mmoja tu, nafasi ikipatikana.

Sasa kalenda, kwa sababu hata anayejua milango miwili huchelewa. Shule nyingi hazimwiti mtoto kusikilizwa ana kwa ana mpaka zipate kwanza video ya mchujo. Tarehe ya mwisho ya video hiyo kwa kawaida huangukia kati ya mwanzo wa Novemba na tarehe 1 Desemba ya darasa la kumi na mbili. Anayepita mchujo huitwa kati ya Januari na Machi. Mzazi anayeanza kuulizia mambo haya baada ya mwaka mpya, kama tufanyavyo wengi, anaulizia basi lililokwisha kuondoka.

Video yenyewe si ile ya simu ukiwa umekaa kiti cha tatu kanisani. Wanataka kuona uso na mikono, bila kukatwa wala kuunganishwa, na kwa jazz huomba mara nyingi blues, wimbo wa taratibu, na wimbo wa kasi, mtoto akiipiga melodi ya wimbo kisha akibuni papo hapo juu yake. Shule nyingine hutaka apige na wenzake, si juu ya muziki uliorekodiwa. Kila shule na orodha yake. Siku ya kusikilizwa kuna kusoma noti usizowahi kuziona, na pengine mtihani wa nadharia.

Hapa watoto wetu wanaumia kwa namna yao. Wengi wamelelewa na bendi ya kanisa. Mtoto amepiga gitaa tangu miaka saba, kwa sikio, akiingia kwenye sebene ukumbi mzima unasimama. Masikio yake ni makali kuliko ya watoto waliofundishwa kwa pesa. Lakini hajawahi kukaa na blues ya baa kumi na mbili na kubuni juu yake raundi sita mfululizo, na noti anazisoma kama mtu asomaye mkataba. Hilo linarekebishika. Linahitaji miaka miwili, si wiki mbili za Novemba.

Na neno lenyewe limetuchanganya. Kwa wazazi wetu, jazz ni bendi: Morogoro Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz, na kule Kinshasa OK Jazz ya Franco tangu 1956. Ni dansi, magitaa na tarumbeta, watu wakicheza mpaka alfajiri. Walimu wa hapa wakisema jazz wanamaanisha Ellington, Charlie Parker, Coltrane. Mzee mmoja aliniuliza kwa nini mjukuu wake alipe maelfu ya dola kujifunza kitu ambacho Mbaraka Mwinshehe alikipiga bila chuo. Sikuwa na jibu la haraka. Somi, mwimbaji aliyezaliwa Illinois kwa wazazi wa Rwanda na Uganda, aliyeteuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya uimbaji wa jazz, shahada yake ya kwanza ni ya anthropolojia na masomo ya Afrika. Lionel Loueke wa Benin, kwa upande mwingine, alipita Berklee. Njia zipo zaidi ya moja, na mzazi asimlazimishe mtoto kwenye chuo cha jazz kwa sababu tu ya jina.

Tukija kwenye kuchagua chenyewe, nitasema jambo moja ambalo vipeperushi havisemi: unachonunua ni mwalimu. Saa moja kwa wiki, mtoto na mtu mmoja chumbani, kwa miaka minne. Uliza jina la mtu huyo. Usiulize nani yumo kwenye orodha ya walimu, kwa sababu kwenye orodha kuna majina makubwa yanayokuja mara mbili kwa mwaka na kuondoka na ndege ya jioni. Uliza: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa tromboni anafundishwa na nani, na je, mwanangu anaweza kupata somo moja naye kabla hatujaamua? Walimu wengi hukubali. Asiyejibu kabisa naye amekupa jibu.

Tuko karibu na mfano mzuri, na nusu ya jumuiya haiujui. Denton, mwendo wa kama saa moja kaskazini mwetu, ndiko kilikoanza chuo cha kwanza kutoa shahada ya jazz nchini, mwaka 1947. Leo kinaitwa University of North Texas. Bendi zake kubwa zimepewa majina kwa saa za mazoezi, na ya saa saba mchana, One O’Clock Lab Band, ndiyo ya juu kabisa. Watu huenda kuisikiliza hiyo, wakarudi wamepagawa. Mimi ningewaambia waende kusikiliza bendi za chini, kwa kuwa huko ndiko mtoto anayeingia sasa hivi ana uwezekano mkubwa wa kuanzia. Fanya vivyo hivyo kwa chuo chochote: nenda Jumanne ya kawaida, si siku ya maonyesho. Mimi na binti yangu tulisimama ukumbini kwenye chuo kimoja, tukichungulia vidirisha vya vyumba vya mazoezi saa tatu usiku. Vilikuwa vimejaa vyote, na mvulana mmoja alikuwa amekaa sakafuni na besi lake akisubiri chumba. Binti aliamua palepale, kabla sijamaliza kuhesabu pesa.

Pesa nazo zina ujanja wake. Bendi kubwa ya jazz ni saksofoni tano, tarumbeta nne, tromboni nne, kisha piano, besi, gitaa na dramu, moja moja. Hesabu mwenyewe. Shule haihitaji wapiga gitaa kumi na watano, lakini tromboni inazihitaji kila mwaka, na ufadhili hufuata pengo. Mwenye mtoto wa darasa la sita ambaye bado hajachagua ala, nimemaliza.

Kwa shule binafsi za Boston na New York, gharama zote kwa mwaka zinapita dola 70,000. Ukipewa ufadhili wa 25,000 moyo unaruka, halafu unabaki na 45,000, mara nne. Usisaini mkopo wa mzazi kwa furaha ya barua. Andika kuomba wafikirie upya, ukiambatanisha ulichopewa na chuo kingine, na ufanye hivyo kabla ya Mei mosi, siku ambayo vyuo vingi hutaka fedha za kushikilia nafasi. Kwa vyuo vya serikali vya hapa Texas, sheria inaruhusu mwanafunzi wa nje ya jimbo, hata wa nje ya nchi, aliyepata ufadhili wa ushindani usiopungua dola 1,000, kulipa ada ya mkazi wa Texas. Nafasi zina kikomo, kwa hiyo uliza. Elfu moja hiyo inaweza kukuokolea nyingine nyingi.

Wanaomleta mpwa kutoka nyumbani kwa viza ya mwanafunzi, neno moja, na hili ni zito. Mwanafunzi huyo anaruhusiwa kazi ya ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kazi ya nje inahitaji kibali, na kwa kawaida si kabla ya mwaka wake wa kwanza kuisha. Kupiga dramu kwenye harusi yetu kwa bahasha ni kazi. Sisi tunaona ni kumtunza kijana. Afisa wa uhamiaji haoni hivyo, na viza inayopotea si yetu. Kabla ya kumwita mpwa wa mtu kwenye sherehe, aende kwanza akaulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake. Na ambaye bado yuko nyumbani, akiweza, aanze na noti huko: chuo cha muziki cha Zanzibar, Dhow Countries Music Academy, kipo tangu 2002, na Afrika Kusini vyuo vikuu vya Cape Town na KwaZulu-Natal vinafundisha jazz kwa shahada.

Kabla ya kuagiza keki, basi, andikeni barua pepe kwa shule ya muziki yenyewe, sentensi moja: je, mwanangu amekubaliwa katika shahada ya jazz kwa ala hii? Mtake jibu la maandishi lenye jina la aliyejibu. Wakiwarusha kwenye ofisi nyingine, wajumuisheni wote wawili kwenye barua moja wajibizane mbele yenu.

Kijana wa Arlington hakwenda. Fedha za kushikilia nafasi hazikurudi. Anasoma nadharia kwenye chuo cha jamii karibu na kwao, na video yake inatakiwa tarehe 1 Desemba. Anatafuta mpiga besi na mpiga dramu wa kurekodi naye Jumamosi mbili za Novemba, watu wa kuweza blues ya kasi. Pilau itakuwepo.