Mwadui: Si almasi pekee iliyo kaboni

Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, alivumbua almasi Mwadui, mkoani Shinyanga, Tanzania. Miaka saba baadaye mgodi wake ulitoa jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, naye akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Tangu hapo jina la Mwadui limefungamana na almasi. Ukiuliza almasi ni nini, jibu ni fupi: ni kaboni iliyobanwa kwa joto na mgandamizo mkubwa, zaidi ya kilomita 150 chini ya ardhi, kisha ikapandishwa juu na mlipuko wa volkano. Nitrojeni kidogo ikinaswa ndani yake, jiwe huweza kuwa la manjano.

Kaboni na nitrojeni hizohizo zimetapakaa nje ya uzio wa mgodi, katika mashamba ya mtama, dengu na choroko ya Wilaya ya Kishapu, na katika malisho yaliyofungwa ambayo Wasukuma huyaita ngitili. Huko hakuna anayezipima kwa karati, lakini ndizo zinazoamua kama kaya itavuna na kama ng'ombe watafika Novemba wakiwa na nyama mgongoni. Vinavyozizungusha kutoka hewani kwenda udongoni na kurudi ni vimeng'enya vya majani na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hesabu yoyote ya utajiri wa Shinyanga isiyovitaja ina pengo.

Kimeng'enya cha polepole kinacholisha dunia

Shamba la mtama likishafika kiunoni, ukiondoa maji, zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake ni kaboni. Kaboni hiyo haikutoka udongoni. Ilikuwa hewa ukaa, na iliingizwa kwenye mmea na rubisko, kimeng'enya kilichomo katika kila jani la kijani. Kwa nguvu ya jua, rubisko huanzisha safari ya kuigeuza hewa ukaa kuwa sukari, kazi tunayoiita usanisinuru.

Kwa jukumu zito namna hiyo, rubisko hufanya kazi polepole mno. Katika mimea mingi hufunga molekuli kama tatu tu kwa sekunde. Tena hukosea: joto likipanda, mara nyingi hukamata oksijeni badala ya hewa ukaa, na mmea hupoteza nguvu na kaboni katika kurekebisha kosa hilo. Mmea hufidia kwa kutengeneza rubisko kwa wingi, hata imekuwa miongoni mwa protini zilizo nyingi kuliko zote duniani.

Protini haitengenezwi bila nitrojeni. Katika jani la mpunga, karibu robo ya nitrojeni yote imo ndani ya rubisko. Hapo ndipo mizunguko miwili inapofungamana, na mkulima huiona kwa macho yake: mahindi yenye njaa ya nitrojeni huanza kuwa ya manjano kwenye majani ya chini, kwa sababu mmea unavunja protini za majani makongwe ili ulishe machipukizi ya juu.

Mtama, uwele, mahindi na nyasi nyingi za nchi za joto zina njia ya kupunguza hasara. Kimeng'enya kingine hutangulia kukamata hewa ukaa na kuirundika katika seli zinazozunguka mishipa ya jani, mahali ambapo rubisko huipata tele na oksijeni haipati nafasi. Njia hii huokoa maji na nitrojeni pia. Katika mkoa unaopata wastani wa milimita 600 hadi 800 za mvua kwa mwaka, ndiyo moja ya sababu za mtama kuendelea kusimama mazao mengine yanapokunja majani.

Geita na bahari ya kale

Vijidudu vinavyotumia mwanga, kama majani, huenda vimeacha alama hata kwenye miamba ya dhahabu. Sehemu ya dhahabu ya Geita, mkoa jirani, imo katika miamba yenye milia ya chuma, iliyotandikwa chini ya bahari zaidi ya miaka bilioni 2.6 iliyopita. Wakati huo bahari zilikuwa na chuma kilichoyeyuka na angahewa haikuwa na oksijeni ya kuvuta. Wanasayansi wengi wanaona kwamba bakteria wanaotumia mwanga, ama kwa kutoa oksijeni ama kwa kukibadili chuma moja kwa moja, walichangia kukidondosha chini tabaka kwa tabaka. Baadaye maji moto yenye dhahabu na salfa yalipenya kwenye nyufa. Salfa iliposhikana na chuma, dhahabu ikabaki ndani ya jiwe. Baadhi ya mawe yanayopelekwa karasha Geita leo yana historia hiyo.

Waridi ndani ya kinundu

Sasa turudi shambani. Chukua jembe uende kwenye shamba la choroko au kunde lililoanza kutoa maua. Usivute mmea, kwa maana vitu unavyovitafuta vitakatikia udongoni. Chimba pembeni, inua pamoja na bonge lake, kisha lisuuze taratibu kwenye ndoo ya maji. Utaona mizizi imeota vinundu vidogo kama punje za ulezi, vingine vikubwa zaidi. Kata kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, bado hakijaanza au kimepata bakteria wasiofaa. Kikiwa cha kijani, kimeshazeeka.

Ndani ya kinundu wanaishi bakteria waitwao rizobia. Asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, lakini atomu zake zimeshikana mbilimbili kwa nguvu ambayo mmea hauwezi kuivunja. Viwanda vya mbolea huivunja kwa joto la nyuzi 400 na zaidi na shinikizo kubwa, kwa mbinu ya Wajerumani Fritz Haber na Carl Bosch iliyoingia kiwandani mwaka 1913. Rizobia huivunja katika joto la kawaida la udongo, kwa kimeng'enya chenye chuma na molibdeni kinachoitwa nitrojenezi. Oksijeni hukiharibu, hivyo mmea hutengeneza protini inayofanana na ile ya damu yetu ili kuidhibiti, na hiyo ndiyo inayotia rangi. Ujira wa bakteria ni sukari iliyotengenezwa na jani.

Kunde na choroko hupokea rizobia wengi wa wenyeji. Dengu, zao ambalo wakulima wa Shinyanga hulipanda mvua zikielekea kuisha kwenye udongo mweusi wa mbuga, huchagua: lina bakteria wake. Ndiyo maana kuchimba na kutazama kuna faida kuliko kudhani kwamba kila zao la jamii ya kunde linarutubisha ardhi.

Vipo pia vijidudu vinavyorudisha nitrojeni hewani. Majaluba ya mpunga yakijaa maji, oksijeni huisha kwenye tope. Bakteria wengine hugeuza mbolea kuwa gesi, ikiwamo oksidi ya nitrojeni ambayo kwa kila kilo hupasha dunia joto karibu mara 270 kuliko hewa ukaa. Vijidudu vingine hutoa methani, kama vile vilivyo tumboni mwa ng'ombe. Mbolea ya urea ikimwagwa juu ya maji, sehemu ya fedha ya mkulima huondoka na upepo. Ikifukiwa kwenye tope, hubaki nyingi zaidi kwa mmea.

Somo la ngitili

Shinyanga imewahi kuonja gharama ya kuvunja mizunguko hii. Misitu ilifyekwa kuondoa mbung'o, ikafyekwa tena kupanua mashamba ya pamba, na kuhamia vijijini katika miaka ya 1970 kukavuruga utaratibu wa ngitili. Udongo ulipobaki wazi, vijidudu vilikula mboji iliyokuwamo na kuitoa kama hewa ukaa, bila majani mapya ya kuirudisha.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, uliokwenda hadi 2004. Wakati unaanza, ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa kama hekta 600. Kufikia 2004 zilikuwa zimefika hekta 350,000 hivi katika mkoa wa wakati ule, ambao ulijumuisha sehemu kubwa ya Simiyu ya leo. Mafanikio hayakuletwa na miche peke yake. Watu walifunga maeneo, wakaacha visiki vichipue, na sheria zikasimamiwa na dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, na sungusungu, walinzi wa kijiji. Aina nyingi za migunga iliyorudi zina rizobia mizizini, majani yakaanguka, mboji ikaanza kujengeka upya. Faida ilionekana kwa kuni, asali, dawa na majani ya kiangazi.

Hatua za msimu huu zinafahamika. Mabua ya mtama yana kaboni nyingi na nitrojeni kidogo. Yakifukiwa peke yake, vijidudu huazima nitrojeni ya udongo na zao linalofuata hugeuka manjano. Yachanganywe na samadi au majani ya kunde. Samadi nayo ifunikwe, kwani ikiachwa juani nitrojeni yake huruka kama amonia. Maofisa ugani wafundishe wakulima kusoma vinundu kama wanavyowafundisha kutambua viwavi. Nazo halmashauri, zinapopanga matumizi ya ardhi ya vijiji, ziweke mpaka wa ngitili kwenye ramani kabla ya kugawa shamba au leseni yoyote, kwa sababu mgodi una mwisho wake, na watoto wa Kishapu watahitaji udongo wenye uhai muda mrefu baada ya almasi ya mwisho kuuzwa.