Je, Wajua? Mota Siyo Inayobeba Mlango wa Gereji

Mlango wa gereji unaopanda kwenda darini waweza kuzidi kilo 70, lakini ukiwa mzima huinuliwa kwa mkono mmoja. Uzito hubebwa na springi iliyosokotwa juu ya mlango. Mota husukuma tu.

Springi ya kawaida huundwa ihimili mizunguko 10,000 ya kufungua na kufunga. Kwa mizunguko minne kila siku, hiyo ni takriban miaka saba.

Kuipaka springi mafuta, fanya mwenyewe. Kubadilisha, mwachie fundi: yeye huilegeza kwa nondo mbili zinazokaa sawasawa katika matundu yake. Bisibisi (wapo wanaoijaribu!) huchomoka na kuvunja mkono. Springi zikiwa mbili, hubadilishwa zote, kwa kuwa zimechoka pamoja.